Alovera barazani: namna ninavyoipanda na kuitumia nikiumwa na mbu

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani hapa Tanga, na cherehani yangu ni ya kukanyaga. Ukitaka kujua mbu wa mchana anapenda kuuma wapi, muulize mtu anayeshinda na miguu chini ya meza yenye kivuli tangu saa mbili asubuhi mpaka magharibi. Anapenda kifundo cha mguu. Mikono yote miwili imeshika kitambaa, mguu unakanyaga, na huwezi kukatisha mshono ili ujipige kofi. Unamwachia anywe. Ukifika mwisho wa pindo ndipo unainama kujikuna, na ukishaanza hujui utaacha saa ngapi. Kuna mwaka miguu yangu ilijaa makovu madogo meusi kama mtu aliyerukiwa na mafuta ya kukaangia.

Siku hizi barazani pana madumu saba ya alovera, na kovu jipya sijaliona muda mrefu. Sisemi kwamba alovera inatibu kila kitu. Wanaosema hivyo ukiwatazama vizuri utakuta wana chupa za kuuza. Ninachosema mimi ni kidogo: ute wa jani lake ukiupaka pale mbu alipouma unapoza, ngozi inatulia, na mkono unakosa sababu ya kurudi kujikuna. Kwangu hilo linatosha, maana kilichoniharibu miguu ni kucha zangu kuliko mbu mwenyewe.

Nitaeleza ninavyofanya, pamoja na makosa yangu, kwa sababu niliua mmea wa kwanza kabla wa pili haujakubali.

Kwanza hakikisha ni yenyewe

Tanga ni nchi ya mkonge. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 kutoka Florida kule Marekani, na kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa, 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai. Mashamba yote unayoyaona ukienda Muheza au Korogwe yalianzia hapo. Tumezaliwa tunauona, na bado watu wanauchanganya na alovera, hasa mche ukiwa mdogo, au ule mkonge wa mapambo wenye michirizi ya njano ambao watu hupanda getini. Kosa hili si la kuchekea. Utomvu wa mkonge unawasha. Wazee waliokata mkonge mashambani wanalijua hilo kwa ngozi zao. Ukiupaka kwenye kidonda cha mbu umeongeza moto juu ya moto.

Kipimo changu ni hiki, na nakipenda kwa sababu kazi yangu ni uzi. Chukua jani, likate kipande, kisha lipasue kwa vidole polepole kufuata urefu wake. Ukiona nyuzi zinafuatana kama uzi wa bobini, tupa, huo ni mkonge. Jani la alovera halina nyuzi za namna hiyo. Ndani utakuta ute unaong'aa kama maji yaliyoganda, na pembeni, chini ya ganda, utomvu wa njano unachuruzika. Tazama na ncha ya jani pia: mkonge una mwiba mgumu mweusi kama shazia la kushonea magunia. Ncha ya alovera ni laini, haikutoboi, ingawa pembeni ina vijimeno vidogo.

Kuna jingine linalowatatiza watu. Alovera ikiwa changa huwa na madoadoa meupe, na majani yake hutoka kwa pande mbili tu, kulia na kushoto, kama kipepeo cha kupepelea mkaa. Ikikua madoa yanafifia na majani yanazunguka kama ua. Kwa hiyo ukipewa mche wenye madoa usikimbilie kusema umeibiwa. Ila usiende porini ukang'oe chochote chenye sura hiyo. Duniani kuna aina zaidi ya 500 za jamii ya mshubiri, yaani alovera na ndugu zake, nyingine ni zetu za huku huku, zinatoa maua mekundu au ya rangi ya chungwa, na si zote zinafaa kupakwa mwilini. Nyingi biashara yake inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda wanyama na mimea ya porini. Hii alovera ya kupandwa ndiyo iliyoachwa nje. Ua lake mara nyingi ni la njano.

Asili yake inasemekana ni Bara Arabu, na hata jina letu la zamani, shubiri, ni la Kiarabu. Vijana wanasema alovera. Bibi yangu alisema mshubiri, na kwake haukuwa mmea wa urembo: ndio uliotumika kupakwa kwenye chuchu mtoto akifika wakati wa kuachishwa ziwa. Ule uchungu tunaousema tunaposema kitu ni chungu kama shubiri, unatoka kwenye ule utomvu wa njano. Ukumbuke, maana tutaurudia.

Chombo na udongo

Usinunue chungu cha bei. Mimi natumia madumu ya mafuta ya kula ya lita 10, nayakata kwa juu, pamoja na ndoo za rangi zilizokwisha kazi na kuoshwa. Kinachotakiwa ni matundu. Chukua msumari wa inchi nne, ushike kwa koleo, upashe moto kwenye jiko la mkaa, toboa matundu sita au saba chini, na mengine mawili ubavuni karibu na kitako. Fundi mwenzangu alitoboa tundu moja akasema linatosha. Lilizibwa na udongo wiki ya pili.

Chini kabisa naweka kokoto kubwa kubwa au vigae vya chungu kilichovunjika ili matundu yasizibe. Udongo wenyewe nachanganya hivi: makopo mawili ya mchanga wa kujengea, ule wenye chembe nene, kopo moja la udongo wa bustani, na kopo moja la mbolea ya mbuzi ya zamani, ile iliyokwisha kuwa unga na haina harufu. Nikiwa na vipande vidogo vya mkaa natupia konzi moja. Ukiuminya mkononi halafu ukafungua vidole, udongo uvunjike. Ukibaki umeshikana kama donge la ugali, ongeza mchanga.

Mche wa kwanza niliununua Mgandini kwa mama anayeuza maua, ukubwa wa kiganja. Ukipewa mche uliokatwa leo kwenye mama yake, usiupande leo. Uache kivulini siku mbili au tatu mpaka pale palipokatwa pakauke, patengeneze gamba. Kidonda kibichi kikigusana na udongo wenye unyevu huoza. Halafu upande, shina likae juu ya udongo na majani yasizikwe, na usimwagilie kwa wiki nzima. Hapa ndipo watu wengi wanaposhindwa, kwa sababu ya huruma.

Maji, na kisa cha mifuniko ya ndoo

Mmea wangu wa kwanza niliuua kwa maji. Kila asubuhi nikifungua duka nilikuwa na desturi ya kunyunyiza barazani ili vumbi lilale, na kikombe cha mwisho nilikuwa naumiminia alovera. Mwezi mmoja na nusu. Majani ya chini yakaanza kuwa laini kama ndizi iliyopitiliza, yakawa na rangi ya chai ya rangi. Nikadhani una kiu, nikaongeza. Siku nilipoushika kuusogeza, ulinyanyuka wote mkononi. Mizizi ilikuwa imebaki udongoni, imekuwa uji mweusi.

Alovera inatunza maji kwenye majani yake. Vitundu vyake vya kupumulia inavifungua usiku, jua likiwa halipo, mchana inavifunga ili maji yasipotee. Ni mmea uliozoea kukosa. Kwa hali ya hewa yetu ya Tanga mimi nafanya hivi: Januari na Februari jua linapowaka, mara moja kwa wiki. Wakati wa kipupwe, Juni mpaka Agosti, kila baada ya siku 10 hadi 14. Masika simwagilii kabisa, na madumu nayasogeza ndani ya kingo ya paa. Ukiwa na wasiwasi, chomeka kijiti cha mshikaki mpaka nusu ya kidole. Kikitoka na udongo umenata, acha. Kikitoka kikavu, mwaga maji mengi kwa mara moja mpaka yatoke chini, kisha usahau.

Yatoke chini yaende wapi? Hilo swali ndilo lililoniumbua.

Mmea wa pili niliuweka vizuri, wenye matundu, lakini maji yaliyochuruzika yalikuwa yanafika kwenye kapu la vitambaa vya wateja. Nikaona niweke mfuniko wa ndoo chini ya dumu, uyapokee. Nilikuwa nimekwishaongeza madumu, nikaweka mifuniko minne, kila mmoja na dumu lake, safi kabisa, kama vikombe na visahani vyake. Wiki tatu baadaye mbu chini ya meza walizidi. Nikawa nakata jani kila siku, napaka, nashukuru kwamba nina dawa karibu.

Aliyeniamsha ni mtoto. Mama yake alimleta apimwe sare ya shule, na wakati sisi tunaongea habari ya urefu wa sketi, yeye alichuchumaa pembeni. "Babu fundi, humu kuna vidudu vinacheza." Nikainama. Kwenye ule mfuniko, maji ya kimo cha ukucha tu, viluwiluwi walikuwa wanajinyonganyonga juu na chini, zaidi ya ishirini. Mfuniko wa pili hivyo hivyo. Nilikuwa nafuga mbu kwa mkono wangu mwenyewe, halafu nawatibu wanaoumwa nao, na mgonjwa wa kwanza ni mimi.

Yule mbu mweusi mwenye mistari myeupe miguuni, anayeuma mchana, hahitaji bwawa. Kifuniko cha soda kinamtosha. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka, kwenye joto letu, ni siku saba hadi kumi hivi. Na mayai yake anayagandisha ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, yanakauka na kukaa hata miezi, maji yakirudi yanaangua. Ndiyo maana kumwaga peke yake hakutoshi. Lazima usugue chombo kwa brashi.

Siku ile niliiondoa mifuniko yote. Sasa kila dumu limekaa juu ya matofali mawili, pana nafasi katikati, maji yanadondoka kwenye mtaro mdogo niliouchimba ukingoni mwa baraza, ardhi inayanywa. Ukiwa unaishi ghorofani na huna budi kuweka kisahani, kijaze mchanga mkavu mpaka juu, au kimwage baada ya nusu saa na ukisugue kila wiki. Tazama pia makopo, matairi, na ile mimea mingine ya maua ambayo majani yake yanakinga maji katikati. Kutunza mmea na kuzuia mbu vinakubaliana kwenye jambo moja: alovera inataka mtu mvivu wa kumwagilia na mwepesi wa kumwaga maji yaliyotuama.

Jua

Inataka mwanga mwingi. Jua la asubuhi mpaka saa nne au saa tano ndilo zuri, mchana kivuli chepesi. Mche uliotoka ndani ya nyumba ukiutupa ghafla kwenye jua la saa saba utabadilika rangi uwe mwekundu wa kahawia, kama umekasirika. Haufi, ila unasimama kukua. Usogeze kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili. Ukiuweka gizani, chumbani nyuma ya pazia, majani yatakuwa membamba marefu yanayolala. Jani la namna hiyo halina ute wa maana.

Wadudu hauna wengi. Ukiona vitu vyeupe kama pamba kwenye maungio ya majani, vifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, urudie baada ya wiki.

Kukata jani

Uwe na subira. Mche wa kiganja unahitaji mwaka mmoja au zaidi kabla haujawa na jani la kukata, na ukingoja mwaka wa pili utapata majani manene zaidi. Jani la kukata ni la nje kabisa, la chini, nene, lenye urefu wa sentimita 30 hivi. Ya katikati yaache, ndiyo yanayokua. Mimi sikati zaidi ya mawili kwa mara moja kwenye mmea mmoja, kisha naupumzisha wiki kadhaa.

Osha kisu kwa sabuni na maji ya moto. Kata karibu kabisa na shina, mkato mmoja. Sasa usifanye nilivyofanya mimi. Ilikuwa siku mbili kabla ya Idi, kazi zimenizidi kimo, nikakata jani haraka haraka na kuliweka ukingoni mwa meza nikamalizie tundu la kifungo kwanza. Utomvu wa njano ulitiririka ukadondoka kwenye kanzu nyeupe ya mteja, kifuani, tone moja kubwa kama sarafu. Nikakimbilia sabuni. Lile doa la njano likageuka kahawia, baadaye likawa kama zambarau iliyofifia, na hapo likaweka makazi. Nilifumua upande wote wa mbele nikakata kitambaa kingine kwa pesa yangu, usiku wa kuamkia Idi.

Kwa hiyo: jani likishakatwa, lisimamishe kwenye kikombe, mkato ukiangalia chini, dakika 15. Utomvu wote wa njano utashuka. Huo ndio ile shubiri ya bibi. Ngozi nyingine unaziwasha, na ukimezwa unasokota tumbo na kuharisha. Umwage, osha kikombe, osha jani kwa maji.

Halafu lilaze juu ya ubao. Kata miba ya pembeni kwa kufuata ukingo, kulia na kushoto, kama unavyopunguza upindo. Ganda la upande ulio bapa libandue kwa kisu kama unavyomenya embe bichi. Utabaki na bamba la ute limekaa juu ya ganda la chini. Likate vipande vya ukubwa wa kibiriti, suuza tena kama bado pana unjano. Ute mzuri hauna rangi na karibu wote ni maji, asilimia 98 hadi 99.

Vipande ninavyohitaji leo natumia. Vingine vinakwenda kwenye kikopo chenye mfuniko ndani ya friji, vinakaa siku tano mpaka wiki. Vikianza kuwa na rangi ya waridi au harufu, tupa. Mke wangu anavisaga na kumimina kwenye trei ya barafu, navyo vinakaa miezi. Watoto wanapenda kile kipande cha barafu kuliko chochote, na kusema kweli nina shaka nusu ya kazi inafanywa na ubaridi wenyewe.

Kuchanganya na ndimu, dawa ya meno, au mafuta ya taa, kama ninavyosikia watu wakishauriana, sioni faida yake. Ngozi iliyokunwa inataka upole.

Kupaka

Mara ya kwanza kabisa, paka kidogo upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko, ungoje mpaka kesho. Wako watu ngozi zao hazipatani na alovera. Pakivimba au kuwa pekundu, basi si yako, achana nayo.

Ukiumwa, osha pale kwa maji na sabuni, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, kisha pitisha kipande cha ute upande ulio laini. Uache ukauke wenyewe dakika kumi. Utahisi ngozi inakaza kidogo, ni kawaida. Rudia mara tatu au nne kwa siku. Mimi napaka saa nne nikinywa chai, saa saba baada ya adhuhuri, na jioni nikishafunga. Kupaka usiku kunasaidia zaidi, kwa sababu usiku ndipo mtu anapojikuna bila kujua. Usipake machoni, mdomoni, wala kwenye kidonda kilichochimbika. Kwa mtoto paka kidogo, na usimwachie kipande mkononi, atakitia mdomoni. Mama anayenyonyesha asipake kifuani.

Na usinywe. Najua yako mashindano ya watu wanaokunywa jani zima asubuhi kabla ya kula. Mjamzito hasa akae mbali nalo. Mimi nimeandika habari ya kupaka.

Kwa mbu na usubi, kwangu inafanya kazi vizuri. Siafu pia. Nyuki ana utaratibu wake: kwanza toa mwiba upesi kwa kuukwangua na ukucha au ukingo wa kadi, kwa sababu unaendelea kusukuma sumu, halafu osha, weka kitu cha baridi, ndipo upake. Yuko na yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi anayekuja kwenye taa wakati wa mvua, ambaye Wakenya wamempa jina la Nairobi. Yeye hang'ati. Sumu iko ndani ya mwili wake, na ukimponda kwenye ngozi ndipo unapoungua. Mpulize atoke, na kama umeshamponda osha haraka kwa sabuni na maji mengi. Malengelenge yakitoka makubwa au yakiwa karibu na jicho, nenda zahanati.

Pale ambapo alovera haina kazi

Mtu akiumwa na nyuki au nyigu halafu midomo ikavimba, akapumua kwa shida, akatokwa na mabaka mwili mzima au akaishiwa nguvu, mpeleke hospitali dakika hiyo hiyo. Usitafute kisu wala jani.

Mahali palipoumwa pakiwa na usaha, au wekundu unatambaa kwenda juu, au panauma kuliko kuwasha, hapo pameingia vijidudu na panataka dawa ya hospitali.

Na homa. Alovera haimfukuzi mbu wala haizuii alichoacha ndani. Mbu wa malaria anauma usiku, na kinga yake ni chandarua. Yule wa mchana analeta dengi. Dar es Salaam iliugua 2014 na tena 2019, nasi wa pwani wote tunaishi na mbu huyo. Ukipata homa, kichwa kinagonga nyuma ya macho, viungo vinauma, nenda ukapimwe malaria, na kabla hujajua ni nini usinywe aspirini wala ibuprofeni, maana kama ni dengi zinaweza kuleta kutokwa na damu. Parasetamoli kwa kipimo chake ndiyo ya kuanzia.

Kugawa watoto

Mmea ukitulia, kuanzia mwaka wa pili unazaa watoto pembeni. Wakifika urefu wa kiganja, sentimita 10 hadi 15, wenye mizizi yao wenyewe, mwaga udongo wote nje ya dumu, watenganishe kwa mkono, anayeng'ang'ania mkate kwa kisu. Kausha siku mbili tatu, rudi mwanzo wa maelezo haya. Usipowatoa wanambana mama yao na hakuna jani litakalonenepa. Dumu langu la zamani zaidi limeshatoa zaidi ya thelathini, na karibu wote wameondoka na wateja, wamefungwa kwenye vipande vya vitenge vilivyobaki.

Mwezi uliopita nilimpa dada mmoja anayeshonesha kwangu magauni. Nikamwambia mara mbili asimwagilie kwa wiki nzima. Siku ya nne akapiga simu.

"Fundi, ule mmea wako umelala."

"Umeumwagilia?"

"Kidogo tu."

"Kidogo mara ngapi?"

Akanyamaza. "Asubuhi na jioni."

Nikamwambia aung'oe, akate palipooza mpaka aone nyama nyeupe, auanike kivulini siku nne, na asipite karibu yake akiwa na kikombe. Usipopona, aje achukue mwingine, ila safari hii aje na dumu lake.